Alichouliza Koko Hospitalini

Naserian,

Tangu tumalize chakula cha mchana unaniona nimeinama juu ya karatasi hizi, na kila ukipita na nguo mkononi unatabasamu. Najua unachofikiri. Unafikiri mzee anakuandikia namna ya kuvaa soksi mbili mbili na kutomfungulia mlango mtu usiyemjua. Hayo mama yako ameyamaliza. Ameyasema tangu Jumapili, mengine ameyarudia, na lile la kuficha pasipoti ndani ya sidiria si langu kulisema.

Ninaandika mchana kwa sababu jioni mkono hunitetemeka. Ukimaliza kufunga begi nitakupa barua hii uisome peke yako. Kuna ombi ndani yake, liko mwishoni. Usiruke kwenda kulitazama. Ulikuwa na tabia hiyo ya kusoma mwisho wa kitabu kwanza, na sikuwahi kukukemea, lakini leo nakuomba ufuate njia niliyoifuata mimi, maana sikuipata kwa urahisi.

Tangu upasuaji uniondolee sauti, wewe ndiwe umekuwa koo langu. Ulininunulia kile kibao cha watoto wa chekechea, ukacheka ukisema, "Mwalimu amerudi kwa chaki." Ninaandika, wewe unasoma, unamgeukia mama yako na kumwambia kwa Kimaa, kwa kuwa yeye shule hakuiona na Kiswahili chake ni cha sokoni, cha nyanya na makaa. Kaka yako Lemayian akija Jumamosi kutoka Nkoroi hukisoma kibao kama mtu anayesoma bili ya stima, anaruka kwenda kwenye jumla. Wewe husoma kila neno. Kesho ukiondoka, sauti itanitoka mara ya pili.

Sikuambii hivyo ili ubaki. Uliposema uahirishe masomo mwaka mmoja, niliandika NENDA kwa herufi kubwa mpaka chaki ikavunjika, nawe ukamwambia mama yako, "Anasema niende." Hilo ulilitafsiri sawasawa. Bado ni NENDA.

Jana nilikuwa nimeketi kibarazani, Mama Kevo akakuita juu ya ua. Unakumbuka alivyokutania? "Naserian, hii kitu unaenda kusomea Uingereza si ndiyo mimi nafanya kanisani kila Jumapili? Tena bure! Pasta anasema kwa Kiingereza, mimi naweka Kiswahili, na mapepo yanatoka vilevile." Ukacheka, ukamwambia, "Mama Kevo, mimi nataka ile ya hospitali. Mgonjwa aseme, daktari asikie, na pale katikati kusipotee kitu." Halafu ukageuka ukanitazama, kama mtoto anayemwonyesha mwalimu jibu sahihi.

Mimi nikatazama lori la mawe lililokuwa likipita barabarani. Ulidhani ni vumbi lililonifanya nifute macho.

Wakati ulipokuwa ukiomba nafasi hiyo uliniletea insha yako niipitie. Sauti nilikuwa nayo bado, ya kukwaruza, lakini nilikuwa nayo. Uliandika kwamba nyanya yako alikufa kwa ugonjwa ambao pengine ungetibika, kwa sababu daktari mgeni hakumuuliza alichopaswa kumuuliza. Uliandika kwamba baba yako alikuwa pale akitafsiri kila neno, lakini hata mkalimani bora hawezi kutafsiri swali ambalo halikuulizwa. Sentensi hiyo ulinisomea kwa sauti, ukangoja nikusifu. Nilichukua kalamu, nikasahihisha koma mbili, nikakurudishia karatasi.

Swali liliulizwa, Naserian. Liliulizwa mara mbili.

Nipumzike kidogo hapa. Mama yako ameleta chai.

Kabla ya kukueleza siku ile, nikueleze mtu aliyeingia katika chumba kile, kwa maana hukumjua. Ulimjua mwalimu mstaafu anayefuga mbuzi wawili nyuma ya nyumba ya Kitengela. Hukumjua kijana aliyekuwa akifundisha Kajiado, ambaye kila mahali palipokuwa na mgeni na watu wetu, palisikika, "Mwiteni Mwalimu." Chifu akiwa na baraza, Mwalimu. Mhubiri akitoka mbali, Mwalimu. Nilitembea nikiwa na funguo za milango ya watu wote mfukoni, ndivyo nilivyojiona.

Kulikuwa na mkutano mmoja wa kugawa ardhi ya jamii. Afisa wa upimaji alitoka Nairobi, kijana wa viatu vinavyong'aa, akaeleza mambo yake kwa Kiswahili kigumu. Mzee mmoja akasimama, akamtazama juu mpaka chini, akasema kwa Kimaa, "Muulizeni mtoto huyu kama mama yake anajua amevuka barabara peke yake." Afisa akanigeukia. Nikamwambia, "Mzee anakukaribisha, na anauliza kama ulisafiri salama." Yule kijana akaweka mkono kifuani: "Mwambie mzee nimesafiri salama kabisa, asante."

Watu walicheka wakashikana mabega. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akaegemea fimbo. Mkutano ukaenda kwa amani, na kuanzia siku hiyo nikasifiwa kila mahali: Mwalimu anajua kulainisha. Niliipenda sana sifa ile. Nikaamini kwamba kazi ya mtu wa katikati ni kuzuia watu wasiumizane. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza, wazee wale walipoteza nini kwa hasira yao kutofika ilikokuwa imetumwa. Ardhi iligawanywa. Unaishi juu ya kipande chake, na pande zote ni ua na mageti ya watu.

Basi huyo ndiye aliyempeleka Koko hospitalini.

Koko, mama wa mama yako, alikuja kutoka Kimana ndani ya lori la vitunguu. Alikuwa amekonda. Tulikuwa tukiishi Kajiado bado, katika nyumba ya walimu. Mama yako ndiye aliyepaswa kwenda naye, na alikuwa amekwisha kuvaa, lakini asubuhi hiyo uliamka umejaa tetekuwanga mwili mzima, unalia na kujikuna. Akabaki nawe. Shule ikaniazima pikapu. Tulikubaliana nimfikishe tu, kwa sababu pale hospitalini palikuwa na nesi mmoja wa kwetu, mwanamke, ambaye kila siku ndiye aliyewasemea akina mama kwa madaktari.

Wewe umekulia Kitengela, pengine hujaiona heshima hii kwa macho yako. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni. Wakati wa posa nilimpa kondoo, na tangu siku hiyo mimi na yeye tuliitana Paker, kwa ajili ya kondoo yule. Jina lake sikulitamka hata mara moja, wala yeye langu. Katika pikapu alikaa nyuma, peke yake. Sikumlazimisha mbele, na asingekubali. Na mambo ya mwili, ya mwanamke, hayo hata kwa ndoto hayapiti kati ya watu wawili kama sisi.

Tulipofika, nesi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuzika kwao. Karani wa mapokezi aliniona, uso wake ukang'aa: "Lakini Mwalimu si yuko! Mna bahati leo." Wakatuingiza wote wawili.

Daktari alikuwa kijana mrefu kutoka nje, amekuja kujitolea. Alikuwa na adabu. Nataka ulijue hilo, kwa sababu katika nyumba hii amesemwa vibaya miaka mingi. Alimsalimu Koko kwa "Sopa" iliyopinda, akamvutia kiti. Koko alikaa akiwa ameutazama ukuta, shuka juu ya kichwa. Mimi nilisimama nikiwa nimelitazama dirisha. Nje, mita chache tu kutoka niliposimama, kulikuwa na foleni ya wanawake wenye watoto migongoni, na mama mmoja akiuza uji. Nusu yao walikuwa wa kwetu.

Akauliza maumivu yako wapi, yalianza lini. Hayo niliyapitisha. Kisha akauliza kwa upole kama mama huyu anatokwa na damu, na kama inamtoka wakati ambapo umri wake umekwisha kupita mambo hayo.

Mwanangu, kama angenitaka nivue nguo nitembee mpaka stendi, ingekuwa rahisi zaidi. Maneno hayo niliyajua kwa Kimaa. Yalikuwa pale mdomoni. Mdomo haukufunguka. Nikasikia sauti yangu, ile nzuri ya barazani, ikisema, "Paker, daktari anauliza kama unapata usingizi."

Koko hakuwa mjinga. Alikuwa amesikia sentensi ndefu ya Kiingereza, na amemwona daktari kwa pembe ya jicho akigusa chini ya tumbo lake mwenyewe kuonyesha. Halafu akasema kwa sauti ya chini sana, akiusemesha ukuta:

"Paker, hakuna mwanamke hapa?"

Daktari akaniuliza, "Amesema nini?"

Nikamjibu, "Amesema hapana."

Daktari hakuridhika. Akaweka kalamu chini. "Tafadhali muulize tena. Ni jambo muhimu." Nami nikauliza tena. Nilimuuliza kama anakula vizuri. Nikasikia mtoto akilia kwenye foleni, kisha Koko akasema, "Mwambie ninakula." Nikamgeukia daktari nikamwambia hakuna kitu kama hicho, kabisa.

Akamwandikia dawa za vidonda vya tumbo. Tulipotoka nje, Koko alisimama mbali nami kama heshima inavyotaka, akasema, "Ngai akubariki, Paker. Umenihangaikia." Akapanda nyuma ya pikapu.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Nilidhani nikiliandika litakuwa refu zaidi.

Nimekaa nalo muda mrefu, na nimejaribu kulipatia majina mengi. Kwa miaka mingi nililiita desturi. Nikajiambia kwamba mila ndiyo iliyonifunga mdomo, na mtu hawezi kushtakiwa kwa mila ya baba zake. Lakini si kweli. Enkanyit, heshima yetu ile, ilikuwa na mlango wake, na Koko mwenyewe alinionyesha ulipo. Aliuliza kama hakuna mwanamke. Walikuwepo pengine ishirini, pale nje ya dirisha. Ningemwambia daktari sentensi moja fupi ya Kiingereza: siruhusiwi kumuuliza hili, ngoja nimwite mama mmoja kutoka nje. Ingechukua muda wa kumwita muuza uji. Sikusema kwa sababu niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa mbele ya Koko. Ilikuwa mbele ya yule kijana wa kigeni. Sikutaka ajue kwamba mtu anayezungumza Kiingereza kama changu, aliyesoma mpaka chuo kikuu, kuna jambo hawezi kumuuliza mwanamke mzee. Nilitaka kuwa wa kwetu na kuwa wa kisasa, vyote kwa pamoja, chumbani mle, bila kulipa chochote. Aliyelipa ni Koko.

Miezi ikapita. Mama yako alikwenda Kimana akamkuta anafua nguo zake mbali na boma, ambako hakuna anayemwona. Yaliyofuata umesimuliwa: tulimpeleka Nairobi, wakatuambia tumechelewa. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la korido. Mama yako akanigeukia.

"Yule daktari wa Kajiado hakumuuliza?"

"Hakumuuliza," nikasema.

Neno moja tu. Nilikuwa nimezoea kulainisha.

Na mama yako amelijenga neno hilo likawa nyumba. Umemsikia kwenye kikundi cha akina mama kanisani, umemsikia hapa na majirani: msikubali daktari asiyeuliza, mama yangu aliuawa na daktari asiyeuliza. Na kila akifika hapo huniwekea mkono begani na kusema, "Baba Naserian alikuwepo. Alitafsiri yote." Nimekaa chini ya mkono huo umri wako karibu wote. Wewe ulikuwa mdogo ukisikiliza, miguu haifiki sakafuni. Hapo ndipo ulipoamua utakuwa nani. Sikulijua mpaka uliponisomea ile insha.

Sauti nilikuwa nayo miaka yote hiyo. Kila Jumapili niliitumia kusoma masomo kanisani. Sasa nimepata la kusema, nina chaki.

Hata hivyo nisingekuandikia haya, pengine ningeyafia kimya kama nilivyokusudia, kama si siku ile ya kliniki.

Tulikuwa wanne katika chumba kile: daktari, wewe, mama yako, mimi katikati na kibao changu magotini. Daktari alikuwa mwanamke, amechoka, mkweli. Alisema kwa Kiingereza kwamba ugonjwa umesambaa, kwamba dawa zilizobaki zitanitesa tu, tunirudishe nyumbani nikae bila maumivu, na tusitarajie sana nifike Krismasi. Uliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mkalimani mzuri anavyofanya. Mama yako akakushika mkono. "Amesema nini?"

Ukamwambia kwa Kimaa, "Anasema Papa apumzike nyumbani apate nguvu kwanza. Halafu wataanza dawa nyingine."

Nilikuwa nimeketi pale. Nilisikia sentensi moja ikiingia na nyingine ikitoka. Sauti yako haikutikisika hata kidogo. Uliniangalia mara moja, haraka, ukaiona chaki mkononi mwangu, na ukangoja.

Sikuandika kitu. Nikaweka chaki mfukoni.

Sikukasirika. Nilitamani kukasirika. Nilijiona mimi, nimesimama nikitazama dirisha, nikifanya wema. Najua kwa nini ulifanya. Ulitaka mama yako alale usiku. Ulitaka upate nafasi ya kutafuta siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri haikuja. Na begi sasa limejaa. Siku nzuri haiji, mwanangu. Mimi niliingoja mpaka nikaota mvi.

Na tazama sasa nyumba ilivyo. Kila asubuhi mama yako hunizungushia vidole kwenye kifundo cha mkono kunipima, kisha husema, "Imejaa kidogo." Haijajaa. Ananichemshia supu ya mifupa na magome aliyotumiwa kutoka Kimana, chungu kiasi kwamba hata mbuzi wangekataa, na mimi hunywa yote kwa sababu anasimama akinitazama. Jana alinitania, "Zamani nilikuwa nasema neno moja unajibu kumi. Sasa ndoa imekuwa tamu, Mungu amenijibu." Akacheka mpaka akakaa. Kisha akasema Naserian akirudi Krismasi anataka akute nimenenepa, tuchinje mmoja wa wale mbuzi.

Nimejaribu kumwambia mwenyewe. Uliporudi kutoka kununua begi, si ulinikuta nimefunikwa blanketi mbili kwenye jua? Nilikuwa nimemshika mkono mama yako, nikaelekeza kidole kifuani pangu, kisha chini, kwenye udongo. Nikarudia. Akanitazama kwa makini sana, kwa mapenzi yote, akaenda ndani akaniletea blanketi. Alidhani miguu inapata baridi. Nilipotikisa kichwa akaleta la pili.

Mimi ndiye mtu aliyekuwa na funguo za milango ya watu wote.

Sasa ombi langu.

Kesho asubuhi, mkishakunywa chai, kabla Lemayian hajaja na gari, keti na mama yako jikoni. Nami nitakuja na kiti changu. Umsomee barua hii yote kwa Kimaa. Umsomee habari za Koko, na umwambie alichosema daktari juu yangu. Yaweke jinsi yalivyo. Usiseme "Papa alikosea kidogo," wala usiseme "alikuwa na hofu." Sema aliuliza kama hakuna mwanamke, na mimi nikasema hapana.

Utaniuliza kwa nini sikuandika kwa Kimaa, umsomee tu. Nilianza hivyo, wiki iliyopita. Nilipofika kwenye lile swali la daktari kalamu ilisimama. Nimezeeka hivi, Koko yuko kaburini, na bado siwezi kuliandika kwa lugha yake. Kwa Kiswahili naweza, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha ya darasani kwangu, hakikuwahi kuwa cha boma. Lakini wewe ni mwanamke, na ni damu yake. Hakuna heshima inayokuzuia kutamka neno hilo mbele ya mama yako. Koko aliuliza kama hakuna mwanamke hapa. Alikuwepo, nyumbani, analia kwa tetekuwanga.

Nitakuwa nimeketi karibu yenu na nitasikia kila neno, kwa lugha zote mbili. Ukiruka sentensi nitajua. Ukilainisha nitajua. Na sitaweza kufanya lolote. Nimeamua kibao nitakiacha chumbani, nisije nikajifanya msahihishaji. Hilo la koma nimelifanya vya kutosha.

Sijui atafanya nini. Pengine hataniwekea tena mkono begani. Pengine atakataa kuniangalia siku zilizobaki, na wewe utakuwa ndani ya ndege, na mimi sitakuwa na wa kunisemea. Nimelifikiria hilo kila siku tangu kliniki. Napendelea anikasirikie mimi kuliko aendelee kumlaani mtu aliyeuliza mara mbili. Na napendelea alie sasa, ningali naweza kumshika mkono, kuliko aamke siku moja akute supu imepoa na mimi pia, na Krismasi bado iko mbali.

Na kama ukiketi pale ukashindwa? Inawezekana. Hata walimu wako huko uendako sidhani wana somo la kumtafsiria mama yako habari kama hizi. Basi ukishindwa, usibuni kitu cha kujaza nafasi. Mwambie mama yako, "Yeyo, kuna maneno hapa ambayo siwezi kuyasema." Hivyo tu. Atajua kuna kitu, na atatafuta mtu wa kumsomea. Yeye si mtu wa kukaa na mlango uliofungwa. Mimi nilikosa kusema hilo "siwezi" kwa sauti katika chumba kimoja cha Kajiado. Kama lipo jambo moja ninalojua kuhusu kazi unayokwenda kusomea, ni hilo, na sikulipata kwenye kitabu.

Ile insha yako sikutaka uibadilishe. Wamekuchukua kwa akili yako, na akili ni yako kweli. Ila sentensi moja ndani yake ni ya uongo, na huo uongo si wako. Ni wangu. Nenda ukasome ukijua kwa nini hasa unasoma.

Nilitaka nimalizie hapo, lakini nikueleze kilichotokea sasa hivi, ulipokuwa dukani kwa Mama Kevo ukinunua mafuta ya kujipaka.

Mama yako ameingia na bakuli la supu. Akaweka mezani, akavuta kiti, akakaa karibu yangu kuliko kawaida. Akazitazama karatasi hizi moja baada ya nyingine, pande zote mbili, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaufuata mpaka mwisho. Hajui kusoma, lakini aliufuata wote. Kisha akaniuliza kwa Kimaa:

"Mimi nimo humu ndani?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Akasema, "Na mama yangu?"

Sijui amejuaje. Pengine ni uso wangu. Sauti imeondoka, uso umebaki bila mlinzi. Nikaitikia tena kwa kichwa.

Akanisogezea bakuli, akanishikisha kijiko. "Kunywa kwanza, itapoa," akasema. "Kesho Naserian atanisomea."

Anakungoja, mwanangu.

Baba yako